Ndizi Mbivu za Mdogo Wangu

Kwenye fomu ninayojaza kazini kuna mstari mmoja ambao kwa miaka mingi nilikuwa naupita mbiombio. Unauliza kama katika familia ya mgonjwa yupo mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa moyo. Mgonjwa amekaa mbele yangu, mkoba mapajani, namsomea, anasema hakuna, naandika hakuna, tunahamia kwenye yale niliyoyaona ya maana: asubuhi anakula nini, mafuta anamimina au anapima kwa kijiko, ugali wake ni wa muhogo au wa mahindi. Mimi ni afisa lishe hapa Biharamulo. Kazi hii imenitoa mvi, na kama kuna neno nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe, ni hilo hakuna.

Siku hizi siupiti mbio tena. Sababu yake ni ndefu kidogo, na inaanzia kwenye mate.

Mwaka jana binti yangu alinipigia simu kutoka Mwanza, anakofundisha shule ya msingi. Nasema binti yangu ingawa aliyemzaa ni mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu alipofariki, mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Akaja kwangu na sanduku la bati na tetea mmoja ambaye alikataa katakata kumwacha kijijini kwao Nemba, na kwa mila zetu hapakuwa na kingine cha kubadilisha. Mama mkubwa ni mama. Sasa alikuwa mke wa mtu, ana mimba ya kwanza ya miezi minne, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayejikaza.

"Mama, nimesoma mahali," akasema. "Unatema mate kwenye kichupa, unawatumia, wanasoma jeni zako, yale uliyorithi kwa baba na mama. Halafu wanakuandikia chakula chako wewe mwenyewe, si cha kila mtu. Hiki kula, hiki acha. Nitume, nisitume?"

Nikamwambia, kwa utani, kwamba mate yake nayafahamu tangu akiwa anayamwaga begani kwangu, asitafute wageni wa kuyasoma. Hakucheka.

"Mama yangu alikufa na kisukari akiwa na miaka thelathini na sita," akasema, "na hakuna anayejua kilitoka wapi. Mimi nina mtoto tumboni. Nataka kujua."

Nikamwambia nitamjibu. Nilipoweka simu chini niligundua kwamba jibu sina, mtaalamu mzima, na ukutani kwangu kuna mabango manne ya lishe bora.

Ikatokea kwamba wiki chache baadaye tuliitwa semina Bukoba, maafisa lishe wa mkoa mzima, na siku ya pili ikaja mada hiyohiyo. Mtoa mada alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, shati limenyooka, anaongea kwa furaha ya mtu aliyetoka kukubaliwa posa. Akatueleza kwamba watu wawili wanaweza kula sahani moja ya wali, sukari ya huyu ikapanda kidogo na ya yule ikaruka juu. Wapo ambao matumbo yao hayapatani na maziwa. Wapo ambao kikombe cha kahawa kinawakalia mwilini siku nzima. Sehemu ya hayo imo katika jeni, akasema, na siku zinakuja ambapo ushauri wa lishe atapewa mtu, si umati uliokusanywa chini ya turubai.

Ukumbi ukagawanyika hapohapo. Mama mmoja wa makamo alisimama akauliza, yeye ambaye hukaa wiki nzima bila vipande vya kupimia sukari, hizo jeni atazipimia kwenye nini, kwenye kibaba? Mwingine akataka kujua kama hayo yote yamepatikana kwa kupima watu gani, maana hajawahi kusikia Mhangaza wa Ngara ameulizwa damu yake inaupokeaje muhogo. Mwingine, mpole, akasema yeye anaogopa uvivu: mtu akiambiwa unene wake ni wa kurithi, atasema ndivyo nilivyoumbwa, kisha atasogeza kiti karibu na sufuria. Vijana walitaka tuanze kesho asubuhi. Na palikuwa na mwanamume mmoja, aliyekaa nyuma kabisa, ambaye alisema jambo lililonikera wakati ule. Alisema majibu ya mtu mmoja si yake peke yake. Ukimsoma binti umemsoma na mama yake, na dada zake, na hao hawakutema mate wala hakuna aliyewaomba ruhusa.

Mimi nikanyoosha mkono, nikasema watu wa Ngara tulishapimwa zamani na mama zetu, tena bila kichupa. Ukumbi mzima ukacheka. Nikakaa nimeridhika. Ndivyo nilivyo, jambo likinibana, nalitania kwanza.

Kwenye basi la kurudi Biharamulo utani ule ukaanza kunisumbua. Nilikuwa nimeutoa kinywani bila kufikiri, na sasa nilipoufikiri niliona mbele yangu sahani mbili za bati, na mikono ya mama.

Nilizaliwa Bugarama, huko Ngara, kwenye shamba la migomba lililoshuka kutoka mlango wa jikoni hadi bondeni. Pale kwetu kila ukoo una mwiko wake, tunauita umuziro, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakigusi. Wa ukoo wa baba ulikuwa maziwa ya ng'ombe mwenye mabaka. Hatukujua kwa nini na hatukuuliza. Mwanamke akiolewa anashika mwiko wa mumewe, na mama aliushika wa baba kwa bidii kuliko baba mwenyewe, ambaye nadhani akiwa mnadani hakuwa anauliza rangi ya ng'ombe aliyekamuliwa.

Lakini nyumbani mwetu palikuwa na mwiko mwingine, wa mtu mmoja tu. Mdogo wangu hakuruhusiwa ndizi mbivu, wala umutobe, ile juisi ya ndizi inayokamuliwa kabla haijawa pombe. Mimi niliruhusiwa. Kaka zetu waliruhusiwa. Yeye hapana. Mama alisema ni kwa sababu amechukua sura ya bibi yetu, yaani mama yake mama, aliyekufa kabla hatujazaliwa, na anayechukua sura ya marehemu huchukua na mwiko wake. Tukaridhika. Utotoni mtu anaridhika na mambo mengi.

Baba alikuwa anaivisha ndizi za pombe kwenye shimo. Anatandika majani ya mgomba, anapanga mikungu, anafunika majani tena na udongo, anapuliza moshi kwa pembeni, kisha tunasubiri. Siku shimo linapofunguliwa harufu ilitupokea njiani tukitoka shule, nasi tukavua viatu, wale tuliokuwa navyo, tukakimbia. Mpaka leo nikipita sokoni mahali zilipomwagwa ndizi zilizoiva kupita kiasi, zimeanza kuchuruzika kwenye maganda, nasimama. Wauzaji wanadhani nataka kununua. Sitaki kununua, nataka kusimama tu pale dakika moja niwe na miaka kumi, mdogo wangu ana mitano, amenishika sketi kwa nyuma nisimwache.

Mama alichagua ndizi mbili nzuri, akazikata vipande, akagawa sahani mbili, yangu na ya mdogo wangu. Sawasawa kabisa. Kisha alinyoosha mkono akachukua vipande vya mdogo wangu, kimoja kimoja, akaviweka kwenye sahani yangu. Ile iliyobaki tupu aliijaza karanga za kukaanga. Kila mara alifanya hivyo, anagawa kwanza, anahamisha baadaye, nadhani ili mtoto asije akasema hakugawiwa. Na mimi nilikula. Nilimaliza vyangu, nikamaliza na vyake, wala sikumtazama. Siku moja tu aliniuliza, huku analamba chumvi ya karanga vidoleni, "Ikoje?"

"Tamu tu," nikamwambia, mdomo umejaa.

Hata chakula cha kawaida kilikuwa na utaratibu wake. Mimi nilipakuliwa kilima cha ugali. Yeye alipewa ugali kidogo, maharage mengi, na mnavu, ile mboga chungu, nusu ya sahani. Nilimwonea huruma kwa ajili ya mnavu. Leo akija mgonjwa wa kisukari nachukua karatasi, nachora duara, nagawa: nusu mboga, robo maharage, robo ugali. Nimeuchora mchoro huo kwa watu nisioweza kuwahesabu, na katika miaka yote hiyo sikutambua kwamba ninachora sahani ya mdogo wangu.

Nilirudi kutoka chuoni na cheti na ulimi mrefu. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba. Katika yote tuliyofundishwa, lililonikaa zaidi lilikuwa somo la mila potofu: wajawazito wanaonyimwa mayai, watoto wanaonyimwa samaki, na wanaume wanaokula firigisi peke yao kwa jina la heshima. Somo lile lilikuwa la kweli, na bado ni la kweli. Basi nikaingia nyumbani nikitafuta mila potofu, na ya kwanza niliyoiona ilikuwa imekaa jikoni kwa mama.

Siku ya shimo nilimvuta mdogo wangu nyuma ya jiko, nikamenya ndizi moja, nikampa kwa mikono miwili. "Kula," nikamwambia. "Sura haina mwiko."

Akauma kidogo sana. Akafumba macho. Kisha akaanza kucheka, nami nikaanza kucheka, tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye majivu. Alikula nne. Alikuwa na kicheko cha kukosa pumzi, anakupigapiga begani ukome kumchekesha, nawe hujasema kitu. Nimekitafuta kicheko kile kwa watu wengine wote niliowahi kukaa nao na sijakipata.

Mama akatukuta hapo, maganda miguuni.

"Mama, hii ni mila potofu," nikamwambia, bado nacheka. "Ndizi haijui mtu amefanana na nani."

Mama aliyatazama maganda. Akainama akayaokota yote, akaenda kuwapa mbuzi. Hakusema neno, siku ile wala siku nyingine, na tangu hapo mdogo wangu alikula alichotaka. Nilijua nimeshinda. Nilijisifu kwa hilo hata kazini, nikihimiza akina mama wavunje miiko: mimi mwenyewe nilianzia kwetu.

Mdogo wangu aliolewa Nemba, kwa watu waliohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakulima hodari na wakarimu. Mimi nilikuwa nimeshapangiwa kazi Biharamulo, kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nakwenda kwake kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kunywa maziwa bila kuuliza rangi ya ng'ombe. Alipokuwa na mimba ya huyu binti, alikunywa maji kupita kiasi. Mama mkwe wake alilalamika kwa utani kwamba mtungi unakauka kabla ya saa nne. Tulimtania sana, tukasema amebeba kambare. Alipojifungua, kiu ikaisha, nasi tukasahau kambare wetu.

Ikarudi baada ya miaka sita. Alikuja kwangu amekonda, kanga inamzunguka mara mbili, akasema anachoka. Nikamketisha. Nikamuuliza yale ninayomuuliza kila mtu, na nilipofika kwenye ule mstari sikumuuliza, nilijijibu mwenyewe, maana familia yake si yangu? Hakuna. Nilikuwa nimewahi kumuuliza mama zamani, nikijifunza kujaza fomu ileile, kama upande wao kuna kisukari. Alisema hakuna. Basi nikamwambia mdogo wangu ni minyoo, ni kazi za shamba, ni mawazo. Nikampa dawa ya minyoo na ushauri wa kula zaidi. Nilimwambia ale ndizi mbivu zimrudishie nguvu. Mimi, kwa mdomo wangu huu.

Tulipokuja kumpima ilikuwa imepita nusu mwaka na kipimo hakikusoma namba, kiliandika kwamba sukari iko juu mno. Aliishi miaka mingine mitano na kitu, akijitahidi, akichoma sindano mwenyewe. Kisha jembe likamkata kidogo mguuni wakati wa palizi, na kidonda hakikupona.

Naomba nieleweke. Ndizi mbivu haileti kisukari. Nawaambia wagonjwa hivyo kila wiki, na ni kweli. Ndizi nne nyuma ya jiko hazikumuua mdogo wangu. Kilichomuua ni kuchelewa, na kuchelewa kulitokana na lile neno langu. Nalijua hilo kitaalamu. Moyo una utaalamu wake mwingine.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye basi la kutoka Bukoba. Nilipofika nyumbani nilimpigia binti. "Kichupa kisubiri," nikamwambia. "Shule zikifungwa uje, twende tukamsalimie bibi yako."

Tulikwenda mwezi wa sita. Basi likatufikisha Ngara mjini, kutoka hapo tukapanda mchomoko, yale magari madogo ya abiria, na kwa heshima ya tumbo lake dereva akampa kiti cha mbele peke yake, sisi wengine tukajibana nyuma. Mama alikuwa ametusikia tangu barabarani. Ana karibu miaka themanini, mgongo umepinda, lakini masikio yake hayajazeeka hata siku moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Simama hapo nikuone."

Akamtazama, akaanzia miguuni. Vidole, tumbo, shingo. Binti ni mama yake mtupu. Wembamba uleule, shingo ileile ndefu. Mama akamshika kiganja, akasema kwa Kihangaza, taratibu, "Mama yangu amerudi tena." Hakulisema kwa furaha.

Tukala jikoni, kwa sababu mama haamini chakula kinacholiwa mbali na moto. Maharage, ndizi za kupika, mnavu. Shimo la baba lilishafukiwa zamani, tangu alipofariki, lakini mama alikuwa amepata kichane cha ndizi mbivu kwa jirani. Akachukua kisu. Akazikata vipande, akagawa sahani mbili, yangu na ya binti, sawasawa kabisa.

Kisha mkono wake ukaenda kwenye sahani ya binti. Kimoja. Kingine. Akavihamisha vyote kwangu. Akafungua kopo la karanga.

Binti alinitazama anatabasamu, anamsubiri mtaalamu atamke neno lake. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nililijua la kusema. Sasa nina hamsini na kitu, na nilikuwa na swali moja tu, ambalo kama ningeliuliza siku ile ya maganda huenda tungekuwa wanne jikoni.

"Mama, kwa nini?"

"Ni mwiko."

"Najua. Kwa nini ni mwiko?"

Akaendelea kumimina karanga. Binti akaacha kutabasamu. "Bibi, niambie," akasema. "Nina mtoto tumboni."

Mama akafunga kopo. Akapangusa mikono kwenye kitenge, upande huu na upande huu, akazungumza akiwa ameutazama moto.

"Mama yangu. Na dada yake. Na shangazi yao mdogo," akasema. "Wote wembamba kama wewe. Ilianza kwa kiu, wakiwa na mimba. Mtu akishajifungua kiu inaondoka, watu wanasahau. Miaka inapita, mitano, sita, kiu inarudi, na hiyo haiondoki tena. Mahali walipokojoa walikusanyika sisimizi. Tukasema wamelogwa. Lakini mama yangu aliniambia mimi: nikila ndizi mbivu naumia, nikila maharage na mboga chungu napata nafuu. Alinionyesha sahani yake. Akasema, ukizaa mtoto wa umbo langu, mlishe hivi."

Nilikumbuka kambare. Nilikumbuka mtungi uliokauka kabla ya saa nne, na jinsi tulivyocheka. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke.

"Nilikuuliza, mama," nikasema. "Nilikuja na fomu nikakuuliza kama kwenu kuna ugonjwa huu. Ukasema hakuna."

"Siku niliyotolewa mahari, shangazi yake baba yenu aliuliza hivyohivyo," akasema. "Mbele ya watu. Nyumba hii ina kifafa? Ina ukoma? Ina watu wanaokauka? Baba yangu mdogo akasimama akasema nyumba yetu ni safi. Ningesema nini tena, nimfanye mwongo? Wadogo zangu wangeolewa na nani? Na wewe ungeolewa na nani?"

Yule mwanamume wa nyuma ukumbini, aliyenikera. Mama alikuwa ameyajua maneno yake kabla hajazaliwa.

"Lakini mimi nilisomea, mama. Ningejua la kufanya. Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

Akageuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Mwiko hauulizwi sababu," akasema. "Ndiyo maana niliuchagua. Sikujua kama nitazaa mtu wa kuucheka."

Kisha binti akavuta sahani yake, akaanza kula karanga.

Wiki ileile alipimwa, asubuhi kabla ya kula, akanyweshwa glukosi, akapimwa tena. Kliniki walikuwa wamempima mkojo na haukuonyesha kitu. Damu ilionyesha sukari imeshaanza kupanda. Tuliiwahi. Alikula sahani ya mama wa bibi yake miezi yote iliyobaki, mnavu hadi akauchukia, na akajifungua mtoto wa kike salama. Sukari imeshuka, kiu hana, na hata hivyo anapima, kwa sababu sasa tunajua kwamba inajificha.

Kichupa cha mate hakijatumwa. Siyo kwamba nakikataa. Kikifika hapa Biharamulo siku moja, na akapatikana mtu wa kunieleza majibu yake kwa lugha ninayoweza kumpelekea mama wa Nemba, nitakipokea kwa mikono miwili. Ila kwa sasa, nikifika kwenye ule mstari, naweka kalamu chini. Siulizi tena kama kuna kisukari, maana hilo ni swali la siku ya mahari na kila mtu analijua jibu lake. Nauliza bibi alikufaje. Nauliza alikuwa anakunywa maji namna gani. Nauliza nyumbani kuna chakula gani ambacho mtoto fulani alikatazwa, na nani aliyekataza. Foleni inakuwa ndefu na wenzangu wananung'unika.

Lakini siku ile jikoni, mama alipomaliza kusema, sahani yangu ilikuwa bado mbele yangu, imejaa vipande vya watu wawili.

"Kula," akaniambia. "Wewe ni wa baba yako."

Kitaalamu alikosea. Nusu yangu imetoka kwake, na kufanana sura si kipimo. Nami napima sukari kila mwaka nikiwa na hofu kama mtu mwingine yeyote. Sikumbishia. Nilikula vipande vyangu, kisha nikala na vya mdogo wangu.